Sensa ya joto: fuata waya kabla hujashika spana

Vijana wangu, nawapenda, lakini sensa nzima za joto la maji ya injini mnazozitupa kwenye vyuma chakavu zinaniuma. Gari linakula mafuta, linatoa moshi mweusi, asubuhi linawaka kwa kubembelezwa. Mita ya umeme bado iko kwenye boksi na mtu kashaanza kufungua. Anafungua nini? Ile iliyo karibu na mkono.

1. Fuata waya. Magari mengi ya zamani yana sensa mbili, jirani na thamostati au kwenye silinda hedi. Kwa kawaida ya waya moja ni ya geji ya dashibodi, ya waya mbili ni ya kontroli boksi, ile kompyuta ya injini. Mengine yana na swichi ya feni chini kwenye rejeta. Mteja analalamika mshale hausogei, wewe unambadilishia ya kontroli boksi: mtu anaumwa sikio, umempa miwani.

2. Pima. Ukinzani wa sensa ya kontroli boksi hushuka kadiri joto linavyopanda. Nyingi husoma ohm 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na kama 300 kwenye nyuzi 80. Namba za gari lako ziko kwenye kitabu chake. Kisha chomoa soketi, washa swichi bila kuwasha injini, utafute volti 5 upande wa waya. Hazipo? Basi usiilaumu sensa kwanza, kagua waya na ule ukungu wa kijani kwenye pini. Waya ikikatika, kontroli boksi nyingine za zamani huamini injini iko kwenye baridi kali, zinamwaga petroli mpaka plagi zinakuwa nyeusi tii.

3. Tepu. Hapa ndipo nilipoumbuka. Lilikuja gari ambalo sensa yake ya geji ilikuwa inavuja tone tone. Nikafunga mpya, na ili isinirudishe tena nikaizungushia tepu nyeupe ya mafundi bomba, raundi juu ya raundi, hadi hesi, ile mizunguko ya kukazia, hazionekani. Pakawa pakavu, nikajipongeza. Sikukumbuka kwamba sensa ya waya moja haina waya ya ethi, ile njia ya umeme kurudi. Ethi yake ni hizo hesi zikigusa chuma. Tepu nene ikaikata. Mshale ukalala kwenye C, yaani baridi. Mwenye gari, mzee mmoja mpole, aliponiuliza mbona hausimami, nikamjibu bila kupepesa kwamba injini yake sasa haichemki. Siku si nyingi mpira wa juu wa rejeta ukapasuka akiwa safarini, kulanti, yaani maji ya kupoza injini, ikaisha, naye akaendelea kukanyaga kwa sababu mshale ulikuwa unamwambia injini bado ya baridi. Gari likarudi linavutwa kwa kamba. Gaskiti ya hedi imekwenda, hedi imepinda, oili kwenye dipstiki imegeuka nyeupe. Nilipoifungua ile sensa, tepu ilitoka haina hata mchubuko pale hesi zilipotakiwa kuuma. Mzee hakufoka. Alisema tu, "Fundi, si uliniambia haichemki?" Kusawazisha hedi nililipa mimi, na bado nilimwona amenihurumia.

Kwa hiyo weka washa mpya ya shaba, ile pete ya kuzuia kuvuja, panapotakiwa washa, na dawa ya hesi kidogo pale tu kitabu kinapoagiza.

4. Injini ipoe. Mfuniko wa rejeta ya moto haufunguliwi, hata kwa kitambaa, hata kama mteja amesimama juu ya kichwa chako anaangalia saa.

5. Anza kukaza kwa vidole. Hedi ya aluminiamu haisamehi hesi iliyoingia upande, na anayetaka kuongezea spana bomba aniite kwanza nimnyang'anye.

6. Toa hewa. Fungua hita mpaka mwisho, jaza kulanti, acha injini iungurume huku ukifungua skrubu ya hewa kama ipo. Sensa iliyokaa kwenye povu husoma uongo, na nitajua, maana utaniletea kesho ukisema mpya nayo ni mbovu. Subiri feni iwake na izime yenyewe, ndipo umpe mtu ufunguo wake.