Makumbusho ya Wafalme: Maswali Yenu

Kwa nini falme za Ghuba zinajenga makumbusho makubwa hivi?
Kwa sababu nchi zenyewe ni changa, lakini koo zinazotawala ni za zamani. Umoja wa Falme za Kiarabu ulizaliwa tarehe 2 Desemba 1971 tu. Mtawala anataka raia aone ukoo na taifa kuwa kitu kimoja, na jengo husaidia. Makumbusho ya Taifa ya Qatar, yaliyofunguliwa 2019, yamelizunguka kasri la zamani la Sheikh Abdullah bin Jassim Al Thani. Mgeni hupita kumbi 11, akianzia na ardhi na bahari, na safari humfikisha kwenye nyumba ya mtawala.

Makumbusho ya Louvre Abu Dhabi ni tawi la Louvre ya Paris?
Hapana. Haki ya kutumia jina ilinunuliwa kwa mkataba wa 2007.

Kwa hiyo wafalme wanadanganya?
Mnauliza vibaya. Nendeni ngome ya Masmak, Riyadh. Kwenye mlango wake wa mbao kuna ncha ya mkuki iliyokwama tangu Abdulaziz, mwasisi wa Saudi Arabia, alipoiteka ngome hiyo Januari 1902. Ncha ni ya kweli na usiku ule ni wa kweli. Lakini ufalme wa Saudi Arabia ulitangazwa 1932. Katikati kuna miaka 30 ya vita: Hijazi, eneo la Makka na Madina, ikatwaliwa kwa nguvu, na wapiganaji wa Ikhwan, waliompigania Abdulaziz, wakavunjwa na majeshi yake mwenyewe katika vita vya Sabilla, 1929. Mkuki unapendeza macho kuliko Sabilla. Ukiingia makumbusho ya aina hii, shika tarehe mbili za ukutani, kisha uliza ni nani waliokufa katikati yake.

Utumwa unatajwa popote?
Doha, mji mkuu wa Qatar, ndiyo. Nyumba ya Bin Jelmood ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Tangu 2015 ni makumbusho yanayoeleza biashara hiyo katika Bahari ya Hindi, wakiwemo watu waliotolewa Afrika Mashariki. Qatar ilipiga utumwa marufuku 1952 tu, kwa hiyo wapo wazee wanaoukumbuka. Nawapongeza kwa dhati. Ila msisahau kwamba mradi huo ni wa taasisi ya Qatar Foundation, iliyoasisiwa na amiri aliyepita na mkewe, Sheikha Moza. Mlango huo wameufungua wao wenyewe, na wanaweza kuufunga.

Nani anaamua kiwekwe nini?
Huko Qatar, taasisi ya makumbusho inaongozwa na Sheikha Al Mayassa, dada wa amiri.