Raifo ya bei nafuu ya kulinda nyumba shambani

Mkuu, umeuliza raifo gani ya bei nafuu na isiyosumbua itakufaa kwa nyumba iliyo mbali na majirani, na naona jicho lako liko kwenye .308 ya mtumba (namba hiyo ni unene wa risasi kwa inchi). Mimi ningeiacha. Risasi yake inatoboa ukuta wa chumba cha watoto na kuendelea na safari, na ukikosa shabaha inaweza kufika zaidi ya kilomita 3. Hiyo ni ya kuwindia.

Tazama Ruger 10/22, raifo ya risasi ndogo za .22, ipo sokoni tangu 1964: nyepesi, teke lake dogo, vipuri tele, risasi rahisi. Udhaifu wake ni nguvu ndogo, na risasi za .22 mojamoja hugoma kulipuka. Ukimudu zaidi, panda hadi raifo ya .223, yenye risasi ya nguvu zaidi. (Wapo watakaokwambia bunduki ya marisau inatosha kwa usiku, na hawajakosea sana.)

Ya mtumba ikague mwenyewe. Toa magazini, vuta boliti (kipande kinachofunga nyuma ya mtutu), hakikisha chemba, pale risasi inapokaa, ni tupu kwa macho na kwa kidole, kisha mulika tochi upande wa chemba uchungulie mtutu: mifuo (michirizi ya ndani inayozungusha risasi) iwe na kingo kali, isiwe na vishimo vya kutu. Muuzaji akikuharakisha hapo, ondoka.

Kibali kwanza, bila shaka. Halafu usimalize hela zote kwenye bunduki. Bakiza za risasi za mazoezi, kabati la chuma lenye kufuli na tochi kali, maana anayegonga geti saa nane usiku anaweza kuwa kijana wako.