Maumivu ya tezi dume yasiyoisha: tupime nini maabara?

Nina miezi 5 ya maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, na mkojo unaniunguza. Nimepima mkojo, majibu "safi". Ina maana tezi ni nzima?

Hapana. Mkojo unaopimwa kila siku umetoka kwenye kibofu, kwenye tezi umepita tu. Vijidudu vilivyojichimbia humo vinaweza visionekane kabisa. Ndiyo maana mwaka 1968 madaktari Meares na Stamey walieleza kipimo cha vikombe 4. Cha kwanza ni mililita 10 za mwanzo, zinazosafisha njia. Cha pili ni mkojo wa katikati, wa kibofu. Kisha daktari anaikanda tezi kwa kidole kupitia njia ya haja kubwa. Matone yanayochuruzika ndiyo ya tatu, na mililita 10 za mkojo unaofuata ni za nne. Vyote vinaoteshwa, yaani maabara huwaacha bakteria wakue ili waonekane. Bakteria wakizidi mara 10 au zaidi katika viwili vya mwisho kuliko viwili vya kwanza, chanzo ni tezi.

Kazi ni ndefu, hivyo wengi hutumia vikombe 2 tu, kabla na baada ya kukandwa. Mimi ningechagua hicho bila ubishi, majibu yanakaribiana. Ila nenda kibofu kimejaa, na usimalize mkojo wote kabla ya kukandwa! Hapo ndipo sampuli nyingi huharibika.

Nikiwa na homa kali na kutetemeka, nikubali kukandwa?

Usikubali. Huo huenda ni uambukizo wa ghafla, na kukanda kunaweza kuwasukuma bakteria kwenye damu. Nenda hospitali leo hii. Watachukua mkojo wa katikati na damu.

Kupima shahawa peke yake kunatosha?

Hakutoshi. Shahawa hupita sehemu nyingi, na bakteria wa tezi hukosekana humo mara nyingi tu.

Nimeshaanza antibiotiki za duka la dawa. Nipime kesho?

Ukipima sasa, bakteria wanaweza wasiote, ukaambiwa huna kitu. Mweleze daktari jina la dawa na siku uliyoanza, yeye ndiye apange siku ya kupima. Binafsi hunikera dozi hizi za kubahatisha: tezi iliyoambukizwa kweli huhitaji dawa kwa wiki 4 hadi 6, tena iliyochaguliwa kwa majibu ya kuotesha.

Hakuna kilichoota, ila seli nyeupe za damu zimeonekana. Daktari anasema ni mawazo tu.

Si mawazo. Zaidi ya wanaume 9 kati ya 10 wenye tatizo hili hawakutwi na bakteria. Huitwa maumivu sugu ya nyonga, yanayodumu miezi 3 au zaidi. Wingi wa seli nyeupe wala haulingani na ukali wa maumivu, kuna wanaoumia sana bila hata moja. Kabla hamjafunga faili, omba kipimo cha vinasaba cha klamidia na kisonono, magonjwa ya zinaa. Hicho hutaka mkojo wa mwanzo, si wa katikati, na uwe hujakojoa kwa saa moja au zaidi.

PSA yangu (protini ya tezi dume inayopimwa kwenye damu) imetoka 9. Ni saratani?

Si lazima. Kuvimba kwa tezi peke yake hupandisha PSA, na kipimo hicho hakitumiki kutambua uambukizo. Tibu kwanza, rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Ikibaki juu, uchunguzi zaidi usiukwepe.