Taa ya mezani ya zamani: chuma kibaki, waya wote utoke

Ukikuta taa ya mezani ya zamani kwenye mitumba au kwenye stoo ya ofisi inayohama, ile nzito yenye kitako cha chuma cha kumimina na mkono wa springi, muuzaji atataka kuichomeka akuonyeshe kwamba inawaka. Mkatalie. Kuwaka si dalili ya uzima. Mpira unaofunika nyaya hizo umekauka kwa joto la balbu na kwa umri, na kinachoushikilia ni ile nguo iliyosukwa juu yake tu. Kunja waya taratibu pale unapotoka kwenye kitako: mpira uliochoka hukatika kama chapati iliyolala, na ndani unaona shaba tupu imegeuka kijani. Siku mkono wa taa utakaposogezwa vibaya, shaba hiyo itagusa bomba la chuma, na chuma hicho ndicho unachokishika ukiwa unasoma.

Kwa hiyo anza na uamuzi mmoja: unachonunua ni chuma. Waya, holda (kishikio cha balbu), swichi na plagi vyote vitakuwa vipya, hata kama swichi ya zamani inalia vizuri ukiibonyeza. Kama huwezi kuiacha kwa sababu ya uzuri wake, ibaki mahali pake kama pambo, isiunganishwe na kitu.

Kabla ya kulipa, soma maandishi kwenye holda na chini ya kitako. Taa iliyotoka Marekani imetengenezwa kwa volti 110 hadi 120, nasi Tanzania tunatumia 230. Ikiwa ni ya balbu tu, hakuna tabu, kwa kuwa sehemu zote za umeme unazibadilisha. Ikiwa ni ya tyubu na ina choki (kifaa kinachodhibiti umeme wa tyubu) ndani ya kitako, iache. Choki hiyo itaungua, na ya kufanana nayo kuipata ni kazi.

Piga picha kila hatua ya kufungua. Mkono wa springi una hatari ambayo wengi hawaitegemei: springi zinapokuwa zimevutwa, ukifungua skrubu hurudi kwa nguvu na hulenga usoni. Simamisha mkono mpaka springi zilegee kadiri inavyowezekana, vaa miwani, kisha uziondoe moja moja kwa koleo. Viungo visitiwe oili. Anayeanza hupenda kulainisha kila kitu, halafu kichwa cha taa kinainama chenyewe kama mtu anayesinzia, kwa maana viungo hivyo vinashika kwa msuguano. Futa uchafu, kaza nati, basi.

Ndani ya kofia ukikuta karatasi ya kijivu au nyeupe yenye nyuzinyuzi, usiikwangue. Inaweza kuwa asbesto. Ni afadhali utafute kofia nyingine. Rangi ya zamani nayo inaweza kuwa na risasi, kwa hiyo piga msasa wa maji, chuma kikiwa kimelowa, namba 240 kisha 400, mbali na watoto na mbali na jikoni. Kama taa inaonekana ya shaba, gusisha sumaku kwanza. Ikinasa, hiyo ni chuma kilichopakwa shaba kwa nje, na msasa utaiondoa shaba yote kwa dakika mbili. Isiponasa, limau na chumvi vinatosha. Suuza, kausha, paka mafuta kidogo.

Kofia iliyotoboka au bamba la chini lililopotea lisikukatishe tamaa. Makoroboi, mtaa wa katikati ya jiji la Mwanza, jina lake linatokana na koroboi, na ufundi wa kukunja na kulehemu bati mtaani hapo haujafa. Peleka kipande cha zamani kama kielelezo, maana maelezo ya mdomo hayatoshi.

Kupuliza rangi pembeni ya ziwa kuna masharti yake. Hewa ya asubuhi ina unyevu na rangi huweka ukungu mweupe. Jioni wale wadudu wadogo wa ziwani huja kama moshi kwenye mwanga na kunasa kwenye rangi mbichi. Saa nne hadi saa tisa mchana ndiyo nafasi yako, na miezi ya kiangazi, Juni hadi Septemba, ni bora zaidi. Puliza tabaka tatu nyembamba, ukiacha kama dakika 15 kati yake, kisha uiache usiku mzima. Kabla ya kupuliza, funika kwa tepu nyuzi za skrubu na sehemu mbili utakazofungia ethi (waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme unaovuja).

Sasa waya. Nunua wa nyuzi tatu, laini, wa 0.75 mm²: kahawia ni laivu (unaoleta umeme), bluu ni nyutro (unaourudisha), kijani na njano ni ethi. Kwenye taa za Kiingereza za zamani utakuta nyekundu, nyeusi na kijani. Nyingi zina nyuzi mbili tu, ethi haipo kabisa. Mita tatu zinatosha kwa taa ya kawaida. Mkono ukiwa mwembamba mno, 0.5 mm² unafaa pia, maana balbu ya LED ya wati 7 haivuti hata sehemu ya kumi ya ampea.

Usiuvute waya wa zamani ukautupa. Ndio utakaokuongoza njia. Funga kwenye ncha yake mshipi wa kuvulia, uvute waya wa zamani ukiacha mshipi ndani ya bomba, kisha funga waya mpya kwenye mshipi. Hapa ndipo wengi wanapokwama: wanafunga nyuzi zote tatu sehemu moja, fundo linakuwa nene, linanasa kwenye pindo la mkono, na mshipi unakatika. Kata nyuzi kwa kupishana, ya kwanza fupi, ya pili ndefu kidogo, ya tatu ndefu zaidi, uzungushie tepu kuelekea ncha mpaka ziwe kama mkia wa panya. Pakaa poda ya mtoto, wala si oili, kwa kuwa oili huharibu ganda la waya. Mmoja asukume, mwingine avute.

Kabla ya kuvuta, pitisha pamba kwenye kila tundu. Pamba ikinasa, waya utachunika. Sugua kwa tupa ya mviringo, na kwenye tundu la kitako weka raba ya kuzuia waya usichunike. Maduka ya spea za pikipiki wanazo za ukubwa mbalimbali. Kwenye kila kiungo acha waya ulegee kidogo, na upindishe mkono pande zote kabla ya kufunga chochote.

Ethi ndiyo sababu ya kazi hii yote, kwa hiyo usiifanye haraka haraka. Rangi haipitishi umeme. Kwangua mpaka chuma king'ae, bana waya kwenye lagi yenye tundu (kidude cha chuma cha kubania ncha ya waya), weka washa yenye meno, kisha nati. Fanya hivyo kwenye kitako na kwenye holda pia, kwa sababu viungo vya mkono vina rangi na washa za faiba, na kitako kuwa na ethi hakumaanishi kichwa kinayo. Weka maltimita kwenye kupima ohmu, ncha moja kwenye mguu mrefu wa plagi, nyingine uguse kitako, mkono, kofia na holda. Kila mahali isome chini ya ohmu 1.

Ethi ya taa ni nzuri tu kama ya nyumba ni nzuri. Mwanza ni mji wa mawe, na kwenye milima kama Bugando au Isamilo udongo ni mwembamba. Fimbo ya ethi iliyogota kwenye mwamba ikakatwa haifanyi kazi ya fimbo iliyozama ardhini. Muombe fundi umeme apime soketi yako, na kama nyumba haina breka ya kukata umeme unaovuja ya 30 mA, hiyo itangulie taa.

Kwenye holda ya skrubu, laivu iende kwenye kile kipande cha katikati na nyutro kwenye nyuzi za skrubu ya holda, kwa kuwa nyuzi hizo ndizo vidole vinazogusa unapobadilisha balbu. Ya pini haijali upande. Beba ile bomba fupi ya holda ya zamani dukani, kwa maana za Kiingereza ni nusu inchi na za Ulaya bara ni milimita 10, zinafanana kwa macho lakini hazishikani. Swichi ikate laivu, ethi ipite bila kukatwa. Swichi nyingi za kwenye waya zinazouzwa zina nafasi mbili tu za kupitisha nyaya. Tafuta yenye tatu.

Ncha za waya zisitiwe risasi ya kulehemia kabla ya kukazwa. Risasi hulainika chini ya skrubu, muunganiko unalegea na kupata joto. Menya milimita 7, sokota, kunja, kaza. Ndani ya plagi acha ethi iwe ndefu kuliko zote, ili waya ukivutwa laivu ing'oke kwanza. Toa fyuzi ya ampea 13 iliyokuja na plagi, weka ya 3, ile nyekundu. Waya wa 0.75 unabeba ampea 6. Fyuzi ya 13 itaungoja waya uungue kwanza.

Jaribio la kwanza lisifanyike kwenye soketi moja kwa moja. Tengeneza waya wa majaribio wenye balbu ya zamani ya wati 60, isiyo ya LED, iliyokatiza laivu, ili umeme upite kwenye balbu hiyo kwanza. Chomeka taa yako hapo bila balbu yake, washa swichi. Balbu ya majaribio ikae giza. Ikiwaka kwa nguvu, kuna shoti, rudi kwenye holda kwanza, maana mara nyingi ni uzi mmoja wa shaba uliotoka nje ya skrubu.

Ikipita hapo, weka LED ya wati 5 hadi 7, iache iwake saa nzima, kisha chomoa na uguse plagi na swichi. Kama sehemu moja ina joto na nyingine haina, huenda skrubu ya hapo haijakaza.