Mume wangu anakwangua rangi niliyopaka kwenye mlango wa marehemu babake

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 33, nimeolewa miaka 7 na tuna watoto wawili, mmoja wa miaka 5 na mwingine 2. Baba mkwe alipofariki mwaka juzi tulihama nyumba ya kupanga kule Ilazo tukaingia kwenye nyumba yake hapa Kikuyu ili isikae tupu, maana mama mkwe sasa anaishi kwa wifi yangu Chamwino. Nyumba ilijengwa 1982. Milango yote saba ni ya mninga, fremu nazo mninga, imekuwa myeusi na inatia giza. Wa jikoni ndio mbaya zaidi, chini una alama kubwa ya kuungua. Madirisha yana rangi ya kijani ya zamani, inabanduka. Rafiki yangu anakaa Kisasa, nyumba yake nyeupe tupu, ukiingia moyo unafunguka. Nilimwambia mume wangu tupake milango yetu nyeupe, akasema tusubiri. Kila siku ni hadithi ya babake alivyoleta zile mbao kwa treni kutoka Tabora. Alipokwenda Singida kikazi, fundi alipita tu, nikamwambia aanze na mlango wa jikoni. Akapaka mikono miwili, yaani mara mbili, ukapendeza. Mume aliporudi hakusema neno. Kaung'oa mlango kwenye bawaba, kaulaza uani, na kila jioni anaukwangua kwa kipande cha kioo mpaka giza linaingia. Mama mkwe alikuja Jumapili, akainama, akaushika ule mlango kwa chini, akaondoka hata chai hajanywa. Rafiki yangu anasema mwanamume huyu anapenda mbao kuliko mke. Nimalizie milango iliyobaki ili azoee, au nimwache na mbao zake?*
*Mama Wawili, Dodoma*

Marahaba mwanangu. Pole kwa kuishi na mtu asiyesema. Najua kimya cha namna hiyo kinachosha kuliko ugomvi. Pole yangu inaishia hapo, kwa sababu barua yako nimeisoma mara tatu, na kila nikiirudia nazidi kuhamia upande wa mumeo.

Tuanze na huyo fundi. Unasema alipita tu. Fundi rangi hapiti tu jikoni kwa mtu na galoni ya rangi nyeupe ya mafuta, brashi na tina ya kuzimulia rangi, tena siku zilezile mwenye nyumba yuko Singida. Ulimwita, na siku ulizihesabu. Mumeo hakukukatalia, alisema msubiri. Ungeniandikia kwamba amekusubirisha miaka mitano bila sababu, ningekutetea kwa nguvu zangu zote, maana wapo wanaume wanaojificha nyuma ya neno hilo maisha yao yote. Lakini huyu kafiwa na baba mwaka juzi. Hata kama ni mwanamume mzima mwenye watoto, bado yuko kwenye matanga yake, na wewe ulingoja apande basi ndipo uingie na brashi.

Sasa nikuoneshe jambo ambalo limo kwenye barua yako mwenyewe, na umelipita mbio. Mlango wa jikoni una alama ya kuungua, chini. Mama mkwe alipokuja, aliinama akashika mlango, chini. Ni mahali palepale, mwanangu. Hakushika kitasa wala hakutazama kama rangi imekaa vizuri. Mwanamke mtu mzima, mjane, kapanda gari kutoka Chamwino, akainama uani kwa mwanawe kutafuta kwa vidole kitu alichokijua kilipo, akakuta rangi ya mafuta. Ile alama ina habari yake. Yaweza kuwa jiko la mkaa lililosogezwa ndani mvua iliponyesha, yaweza kuwa kibatari kilichoangushwa na mtoto ambaye leo ndiye mumeo. Mimi siijui, na wewe huijui, kwa kuwa hukuuliza. Ungekuwa umeuliza ungeniandikia. Kwako ilikuwa uchafu wa kufunikwa.

Tena kuna swali ambalo marafiki wa Kisasa hawakuulizi: hiyo nyumba ni ya nani? Unaandika "milango yetu", ilhali kwa maelezo yako mliingia ili isikae tupu. Mjane yu hai. Wifi yupo, na huenda na mashemeji wengine. Hujasema kama mahakama imeshamthibitisha msimamizi wa mirathi, wala kama mali imegawanywa. Mpaka hayo yamalizike, nyumba ile ni mali ya marehemu, na ninyi ni watunzaji. Mtunzaji hufagia, huziba panapovuja, hubadilisha kitasa kilichoharibika. Kubadilisha sura ya nyumba ni neno la kikao cha familia. Nimeona ndugu wakifikishana baraza la kata kwa sababu ya mti mmoja wa mwarobaini uliokatwa uani kabla ya mgawanyo. Usifikiri milango saba ya mninga ni jambo dogo kuliko mwarobaini.

Umekejeli hadithi ya treni, basi nikueleze mimi niliyekuwepo. Mwaka 1982 sukari na sabuni vilikuwa vya foleni. Saruji ulikuwa huendi dukani ukanunua, ulitafuta kibali. Nchi ilikuwa imetoka vitani Kagera, na hapa Dodoma watu walikuwa wanaambiwa makao makuu yanakuja tangu uamuzi wa 1973, lakini ukitazama ulikuwa unaona vumbi na mibuyu. Mtu aliyejenga nyumba mwaka ule alijenga tofali kwa tofali. Na mninga hauoti kwenye hizi nyika zetu za Ugogo kiasi cha kupasua milango saba. Mzuri ulitoka kwenye misitu ya miombo ya Tabora na kwingineko magharibi, ukaja kwa reli hii hii ya kati iliyofika Dodoma tangu 1910. Baba mkwe wako alisimama stesheni akapokea mbao zake. Mumeo anapoirudia hadithi hiyo kila siku, hakufundishi historia. Anamlilia babake mbele yako kwa njia pekee anayoiweza.

Niseme na la mbao zenyewe. Mninga ni mti unaotoa utomvu mwekundu kama damu ukikatwa. Hukua taratibu, miongo mingi kabla haujafaa kupasuliwa, na leo nenda kaulize bei kwa wauza mbao uone watakavyokutazama. Mbao zake hazichezi. Hapa kwetu, ambako mvua ni ya Desemba hadi Aprili na miezi inayobaki ni ukavu na upepo, mlango wa mbao laini hupinda, ukaacha mwanya wa kupitisha panya. Wa mninga ukitengenezwa vizuri unafunga mwaka 1982 na unafunga leo. Na mchwa, ambao Dodoma hawana dini, kiini cha mninga huwashinda.

Kisha kuna jinsi fundi wako alivyofanya kazi. Umesema alipaka mikono miwili, hukutaja msasa wala praima, ile rangi ya kwanza ya kushikia. Rangi ya mafuta juu ya vanishi ya zamani isiyopigwa msasa haishiki. Itakaa ikipendeza miezi michache, halafu itaanza kuinuka kwenye kona na pale mikono inaposhika. Mbao nyekundu nazo hupenda kutoa rangi yake. Nyeupe yako ingeanza kuvuja madoa ya waridi. Nayasema haya kwa uchungu, maana nami nilipokuwa mke kijana Mpwapwa nililipaka rangi ya krimu kabati la mvule alilonipa mama mkwe wangu. Mwaka wa pili lilikuwa linabanduka kama nyoka anayejivua. Nikalipa fundi alikwangue. Mbao ilirudi, lakini kwenye nakshi za milango ya kabati rangi ilibaki kwenye mashimo madogomadogo kama unga, na iko hivyo mpaka leo. Mama mkwe alikufa hajawahi kulitaja. Ningempa chochote anitukane.

Hata hivyo giza la nyumba nalikubali. Mwanamke anayeshinda ndani na watoto wawili ana haki ya mwanga, na mumeo akisoma hapa alisikie hilo. Ila weusi wa milango ile, kwa nyumba ya umri huo, nusu yake ni moshi na mafuta ya mikono ya watu. Chukua kitambaa, maji ya vuguvugu na sabuni kidogo, kikamue sana, ufute kipande kimoja nyuma ya mlango wa stoo mahali pasipoonekana. Ukiona maji yanageuka kahawia, umepata jibu. Vanishi ya zamani iliyobaki nyeusi baada ya hapo hupigwa msasa taratibu, namba 80 kwa palipo pagumu, kisha 120, kisha 240, kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za mbao, ndipo sila ya kuziba vinyweleo vya mbao, ndipo vanishi isiyong'aa mikono miwili. Mjifunge pua, vumbi la mninga linawasha. Utaona mlango uliouita mweusi kumbe ni wa rangi ya asali iliyochanganyika na udongo wa kichuguu.

Rangi nyeupe ipeleke kwenye kuta na dari, maana giza la chumba hutoka ukutani kuliko mlangoni. Kanuni yangu kwa nyumba za wazee ni hii: mbao iliyokwisha kupakwa rangi, paka, ambayo haijawahi kupakwa, iache. Kwa hiyo yale madirisha ya kijani ni yako, yafanye utakavyo mkishakubaliana. Lakini nisikilize kama mama. Rangi za mafuta za zamani nyingi zilikuwa na madini ya risasi, na una mtoto wa miaka 2 anayetia kila kitu mdomoni. Usiruhusu mtu azipige msasa zikiwa kavu. Loanisha kwanza, kwangua zile zinazobanduka tu, okota vipande vyote, piga deki, watoto wawe kwa bibi yao siku hiyo, kisha pakeni juu yake.

Nirudi kwenye ndoa, maana mlango si ugonjwa wenyewe. Siku hizi nawaona mabinti zangu wanaingia kwenye nyumba ya mtu wakiwa tayari na picha kwenye simu ya jinsi itakavyokuwa. Sebule nyeupe, jipsamu, taa za kujificha. Tangu serikali ihamie hapa, na hasa tangu mji uwe jiji mwaka 2018, nyumba zinaota Kisasa, Iyumbu na Nzuguni kama uyoga, na zote zinafanana, na kila mke anataka ya kwake ifanane na zote. Sisemi ni dhambi kutaka kizuri. Nasema ndoa ni kuingia mahali ambapo watu walikuwepo kabla yako. Walipika, walizaa, waliuguzana humo. Ukiingia na brashi kabla hujaingia na masikio, utakuwa mpangaji kwenye nyumba ya mumeo hata ukikaa miaka 40. Wazee walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Nyeupe ya Kisasa ni msala upitao. Upepo wa Agosti ukianza na lile vumbi letu jekundu, kamuulize rafiki yako anafuta mara ngapi kwa siku. Na huyo rafiki mpunguzie nafasi kidogo. Mtu anayekwambia mumeo anapenda mbao kuliko wewe hakutakii usingizi.

Mwanamume wa kuogopwa kweli ni yule ambaye angekuta mlango umepakwa akakupiga, au akaenda kulala kwingine. Wako kachukua kipande cha kioo, kama maseremala wa zamani walivyokuwa wakikwangua, anaondoa rangi yako kidogo kidogo, uani, unapomwona. Umejiuliza kwa nini hakuupeleka kwa fundi? Kimya kingi kina mshindo mkuu, na mimi sitaki uusikie huo mshindo. Bado nafasi ipo.

Kwa hiyo jibu langu: milango sita iliyobaki usiiguse. Leo jioni akikaa uani, usiende na maelezo, wala usiseme "lakini". Peleka chai, vikombe viwili, chukua kipande cha msasa, kaa upande wa pili wa mlango na uanze kufuta. Mikono yako itasema "nimekosa" kabla ya mdomo, kisha mdomo useme pia. Asipojibu siku ya kwanza, rudi ya pili.

Jumamosi nenda Chamwino, peke yako, na mtoto mdogo mgongoni. Mpelekee mama unga wa uwele na mlenda mkavu, usimpelekee keki. Msalimie kwa Kigogo, lugha yake, "mbukwenyi", hata kama ulimi utakwama. Mwombe radhi, halafu umuulize alama ile ilipatikanaje, na ukae mpaka amalize kusimulia. Huo mlango ukirudi kwenye bawaba zake, chini pale pasipigwe msasa sana. Alama ibaki.

Na rangi uliyobakiza kwenye galoni usiitupe. Ukuta wa jikoni, kutoka sakafuni hadi usawa wa kiuno, unafaa sana rangi ya mafuta. Masizi na mikono ya watoto vinafutika kwa kitambaa. Mwambie mumeo akusaidie kupiga mstari unyooke. Kisha niandikie, uniambie mama alisema nini kuhusu ile alama.