Ikirudi mara ya tatu

Swali lenu la wiki ni hili: "Mwanamume mwenye sonona (ule ugonjwa wa depression) amwambie nani kwanza: mke, rafiki au daktari?" Hilo ni swali la mtu ambaye imempata mara moja. Mara ya kwanza mimi niliwaambia wote, wakanihurumia, nikatibiwa, nikapona. Hata ya pili walinivumilia. Ikirudi mara ya tatu je, unaanzaje kusema? Maana sonona ina tabia ya kurudi: karibu nusu ya wanaoipata mara moja huipata tena, na kila inaporudi ndivyo inavyozidi kupata njia.

Jibu nililokuja nalo ni daktari, na daktari tu. Nyumbani wameshachoka.

Lakini kuna siku ya soksi. Niliamka saa kumi alfajiri, kama kawaida yangu inapoanza, usingizi ukakataa kurudi. Saa kumi na mbili nikakaa ukingoni mwa kitanda nivae niende kazini. Nikavaa soksi ya kulia, ya kushoto nikabaki nimeishika. Sikulia, wala sikuwa na huzuni ile watu wanayoifikiria. Nilikuwa najiambia "sasa navaa", na mkono hauendi. Saa tatu bado nimekaa. Mwanangu, miaka saba, alikuwa likizo, akachungulia mlangoni.

"Baba, unatafuta soksi?"

Nikasema ndiyo. (Ningesema nini?) Akaingia uvunguni, nikasikia anasukuma viatu huku na huku, akatoka na vumbi kwenye nywele. "Haipo, baba." Ndipo akaiona mkononi mwangu. Hakucheka. Alipiga magoti akanivalisha, kisigino kikakaa juu, akaivua, akaanza upya.

Jioni mama yake akaniuliza, "Imerudi, eh?" Kumbe alijua wiki mbili nyuma, tangu nilipomfokea mtoto kwa ajili ya kijiko. Kwetu wanaume mara nyingi inakuja imevaa hasira, au pombe, au kazi isiyoisha, na wewe mwenyewe ndiye wa mwisho kuitambua.

Hakujua kwamba dawa nilikuwa nimeziacha kienyeji, ghafla, nikapata kizunguzungu na vishoti vidogo vidogo kichwani, nikanyamaza. Daktari alikuwa amesema niendelee nazo angalau miezi 6 baada ya kupata nafuu, na kwa mtu anayerudiwa kama mimi pengine miaka 2. Mimi nilisikia neno "nafuu" tu. Na huyu ndiye daktari niliyesema hapo juu aambiwe peke yake! Nilimwambia nini? Nilimkwepa miezi mitatu. Aliyenirudisha kwake ni mke wangu, na alikaa humo ndani akataja vitu ambavyo mimi nisingevitaja.

Kwa hiyo nafuta jibu langu, nusu. Mke, ila kabla haijarudi, ukiwa mzima: kaeni mwandike dalili zako, na akikuambia "imeanza" usibishe. Kama ni mawazo ya kujiua, usichague wa kwanza wala wa pili, mwambie aliye karibu sasa hivi. Na kama mke wako ni mtu wa kupeleka habari kwa ndugu kabla hujamaliza sentensi, basi sijui, labda kweli uanze na daktari.