Kabla hujairusha: kwa mgeni wa mikutano ya ndege za nyaya za zamani

Kila mkutano wa ndege za nyaya za zamani, yaani ndege ndogo za mfano zenye injini zinazorushwa zikiwa zimefungwa kwenye nyaya, huwa na mgeni ambaye ndege yake ni nzuri kuliko nyaya zake. Ndege kaijenga kwa miezi, karatasi imevutika bila mkunjo, rangi inang'aa. Nyaya kazifunga usiku wa kuamkia safari. Huyo ndiye ninayemwandikia. Nimekaa na wageni wengi kwenye viwanja vya mashambani, na ndege nyingi nilizoona zikivunjika asubuhi ziliponzwa na jambo ambalo lingeonekana zikiwa bado chini: waya uliojikunja, fundo lililolegea, mpini ulioshikwa kichwa chini.

Kwa ambaye hajawahi kuona, ndege hizi hazina redio. Rubani husimama katikati ya duara ameshika mpini. Nyaya mbili nyembamba za chuma hutoka kwenye mpini hadi bawa la ndani, zikafungwa kwenye kipande cha pembetatu kinachozunguka kwenye skrubu moja. Ukiinua kiganja, waya mmoja unavutwa na mwingine unaachiwa, pembetatu inageuka, fito inasukuma elevata, yaani kibapa cha mkiani cha kupandisha na kushusha, na ndege inapanda. Jim Walker wa Portland, Oregon, ndiye aliyeueneza mtindo huu Marekani kwa jina la U-Control na kwa ndege yake ya Fireball. Alipata hataza, yaani haki ya kumiliki uvumbuzi, mwaka 1942, lakini mwaka 1955 ilibatilishwa mahakamani, baada ya ushahidi kwamba Oba St. Clair, naye wa Oregon, alikuwa amerusha hivyo kabla yake. Wazee wa uwanjani bado hulijadili jambo hilo. Kaa uwasikilize.

Usiende na ndege ngumu. Wageni huvutiwa na Nobler iliyochorwa na George Aldrich, na ni kweli ni ndege ya kupendeza, ila mbavu na vipande vyake ni vingi na kuitengeneza ikishaanguka ni kazi ya wiki. Ringmaster iliyochorwa na Matt Kania inatosha: mwili wa ubao bapa, bawa nene lisilo na madoido, inavumilia mkono usiozoea na inaungika kwa gundi. Kwa Marekani, katika mashindano ya kupindua, kundi la ndege kongwe zaidi hupokea michoro ya hadi mwisho wa 1952, na linalofuata hadi mwisho wa 1969. Kinachohesabiwa ni umri wa mchoro. Ndege uliyoikata kwenye balsa, ule mti mwepesi, mwezi uliopita inahesabiwa ya zamani sawasawa na iliyokaa darini tangu enzi hizo.

Sasa nyaya, na hapa nitakaa kidogo.

Ndege inayomaliza duara kwa sekunde 5 kwenye nyaya za mita 18 inakwenda karibu kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo inauvuta mkono wako kwa nguvu inayokaribia mara tatu ya uzito wake, na hapo inazunguka tu bila michezo. Ndiyo maana kabla ya kurusha hufanywa jaribio la kuvuta: mwenzako anaishika ndege, wewe unavuta mpini kupitia mizani ya kuning'iniza hadi mara kumi ya uzito wa ndege. Ndege ya kilo 1.2 ivutwe kwa kilo 12. Vuta polepole na kwa mfululizo. Ukivuta kwa kushtua, unaweza kuharibu kiungo kilichokuwa kizima. Kama kuna kitakachokatika, heri kikatike ndege ikiwa mikononi mwa mtu.

Kabla ya hapo, tandaza nyaya kwenye nyasi na upitishe kitambaa cha pamba kuanzia mwanzo hadi mwisho. Waya umesokotwa kwa nyuzi kadhaa, na uzi mmoja ukikatika ncha yake hunasa kwenye kitambaa mahali ambapo jicho halioni. Ukihisi umenasa, waya huo umekwisha kazi. Vilevile ule uliojikunja ukafanya kona kali. Utakuta watu wanaunyoosha kwa vidole kisha wanarusha. Mimi sikubaliani nao hata kidogo, kwa sababu chuma kilichokwisha kupinda hapo kimedhoofika, na kitakatika siku utakayokuwa unavuta kwa nguvu zaidi.

Kisha weka mpini wima na utazame mkiani. Elevata iwe sawa na mkia, haijapanda wala kushuka. Paka rangi nyekundu upande wa juu wa mpini. Na kila mara kabla ya kuachia, hata kama umerusha dakika kumi zilizopita, inua kiganja na msaidizi aseme kwa sauti elevata imekwenda wapi. Mpini uliogeuzwa ni ndege iliyokufa mita chache baada ya kuondoka, maana utaamuru ipande nayo itajikita ardhini. Kamba ya mpini ivae kwenye kifundo cha mkono kabla injini haijawashwa. Mpini ukiponyoka bila kamba, ndege inaondoka na mita 18 za chuma nyuma yake kuelekea kwa watu.

Kuhusu nyaya za umeme sina maneno mengi. Kama zipo karibu na uwanja, hamia mbali nazo au usirushe. Umeshika chuma kinachofika hadi angani. Umeme ukigusa, unakuja moja kwa moja mkononi mwako, na watu wamekufa hivyo. Radi ikisikika kwa mbali, weka mpini chini hata kama anga juu yako ni safi.

Upepo wa mashambani haukatizwi na majengo, kwa hiyo uujue kabla ya kuwasha. Ndege iachiwe upande ambao upepo unatoka mgongoni mwako kwenda kwenye ndege, kwa kuwa huko upepo unaisukuma nje na kuzikaza nyaya. Michezo yote ya kupindua ifanyie upande huohuo. Ikipita upande wa pili, upepo unaisukuma kuja kwako, nyaya zinalegea, na waya uliolegea hauamuru kitu. Ukihisi mvuto umepotea, rudi nyuma haraka hatua tatu nne. Miguu yako ni sehemu ya usukani.

Kizunguzungu humpata karibu kila mgeni. Tazama ndege tu, usitazame miti inayopita nyuma yake. Nyoosha mkono na utumie bega zima badala ya kiganja, kwani kiganja cha mgeni hucheza kupita kiasi na ndege inapanda na kushuka kama mtumbwi kwenye mawimbi. Tia mafuta kidogo ili zamu iwe fupi, na mwalimu asimame nyuma yako mkono wake ukiwa karibu na mpini. Iruke kwa usawa tu hadi uache kuiwazia. Kupindua kutakuja.

Injini za zamani zinahitaji sura nyingine, nitataja yanayowapata wageni zaidi. Ukinunua injini iliyokaa miaka, huenda haizunguki kabisa. Mara nyingi si kutu, ni mafuta ya mbarika yaliyoganda kama gundi. Ipashe moto kwa kikaushio cha nywele, dondoshea mafuta mepesi, subiri, kisha izungushe kwa propela taratibu. Ukiikamata kwa koleo utakwangua shafti ambayo haitengenezwi tena.

Dizeli ndogo, kama zile Mills na ED za Uingereza, hazina plagi. Mafuta yake ni etha, mafuta ya taa na mbarika, takriban theluthi kwa theluthi, na mlipuko hutokana na mgandamizo unaourekebisha kwa skrubu iliyo juu ya silinda. Ukiimiminia mafuta mengi kisha ukalazimisha propela, kimiminika hakibanwi, na konrodi, ile fimbo inayounganisha pistoni na shafti, ndiyo inayopinda. Ikigoma mkononi, legeza skrubu kwanza. Mvuke wa etha ni mzito, hutambaa chini na hushika moto upesi. Kopo lifungwe, sigara iwe mbali.

Injini za plagi, kama Fox 35, zina tabia ambayo wageni huidhania ubovu. Ndege ikiwa sawa, injini hunguruma nzito kama imejaa mafuta. Ikiinua pua, sauti inapanda na nguvu inaongezeka. Ikishuka, inarudi kunguruma. Ndivyo inavyotakiwa. Usiifunge sindano ya mafuta ukitafuta sauti kali ya mfululizo, utaiunguza na utakuwa na ndege inayokimbia kasi pale usipotaka.

Ushauri ninaompa kila anayeniuliza: mkutano wa kwanza, uwe msaidizi. Shikilia ndege za wengine, sikiliza injini zikirekebishwa, hisi ndege inavyotaka kuondoka mikononi mwako kabla ya ishara. Utajifunza kuachia bila kusukuma, na utajua kwamba hakuna anayeingia kwenye duara wala kuvuka nyaya zilizotandazwa bila kuruhusiwa. Na wenye ndege adimu hawakatai kukupa mpini mtu wao wa kazi akiwa ni wewe.

Shamba lina mwenyewe. Funga geti ulilolifungua, na okota vipande vyote vya ndege iliyovunjika, hasa waya. Ng'ombe akila kipande cha waya anaweza kufa, na uwanja ukapotea kwa wote.

Jioni toa mafuta yote tangini, dondoshea injini mafuta mepesi na uizungushe mara chache. Futa mwili wa ndege, kwa sababu mbarika ikipenya kwenye balsa gundi haitashika tena hapo. Nyaya zifute kwa kitambaa kikavu, zizungushe kwenye kibiringo kipana bila kuzikunja, na uandike juu yake urefu, unene na ndege inayozitumia.